Maisha ya Bi Khole binti Aflah, Meya wa Denby

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Jamaa zetu, majirani na marafiki mliokusanyika hapa Al Amerat, Maskati, leo, Jumanne, tarehe 24 Disemba 2024, siku ya tatu ya msiba ambao mpaka saa hii haujatuingia akilini, maneno haya yameandikwa na Bwana Jaifar bin Aflah, kaka wa marehemu, aliyeketi upande wa wanaume akisikiliza, na anayeyasoma ni binti yake, Ibtihal, kwa kuwa sauti ya mzee imekatika tangu jana usiku. Ameagiza yasomwe yote, na hasa yale yanayomhusu yeye mwenyewe, lisipunguzwe neno.

Marehemu Bi Khole binti Aflah alizaliwa Unguja, mtaa wa Vikokotoni, tarehe 17 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa Sheikh Aflah bin Saeed, karani wa forodha, na Bi Balqees binti Saleh. Aliyempokea duniani ni bibi yake mzaa mama, Bi Zafarani, mkunga wa Ng'ambo, mwanamke wa Kimanyema ambaye wazee wake waliletwa Unguja kutoka bara katika zama za utumwa, na ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Habari za Bi Zafarani tunazitaja mapema, kwa sababu kwa miaka mingi familia hii haikupenda kuzitaja kabisa, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi mtakaousikia.

Marehemu alikuwa na umri wa miaka sita yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964. Baba yake alikaa kizuizini miezi minne, na alipotoka, mwembamba hata mwanawe hakumtambua mlangoni, aliichukua familia ikavuka kwenda Dar es Salaam, ikapanga vyumba viwili Kariakoo. Bi Zafarani alikataa kuondoka, akasema ana wajawazito saba wanamtegemea na hawezi kuwaachia Mungu peke yake, akabaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1969. Marehemu alisoma skuli ya msingi na ya sekondari huko Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1974, na Machi 1975 familia ilipohamia Maskati na kukaa Mutrah, aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika hospitali moja ya serikali, ambako kwa miaka minne aliandika ripoti za madaktari hadi akawa anayajua maradhi kwa majina yake. Agosti 1979 alipata nafasi ya kusomea uuguzi Cleveland, jimbo la Ohio, Amerika. Kaka yake ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege, akamwambia, "Miaka minne tu, Khole, kisha urudi nyumbani." Marehemu akasema, "Miaka minne, kaka."

Miaka minne ilipita, na nyumbani hakurudi. Tarehe 9 Juni 1984 aliolewa Cleveland na Bwana Raymond Tolliver, mwalimu wa fizikia, Muislamu, Mmarekani mweusi, mtu mpole mwenye kucheka kwa mabega. Katika familia hakwenda mtu harusini wala haikupelekwa salamu, isipokuwa Bi Balqees, aliyepeleka udi na doti mbili za kanga kwa mkono wa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisafiri. Maharusi walihamia mji mdogo wa Denby, humo humo Ohio, marehemu akafanya kazi ya uuguzi hospitali ya mji, na tarehe 3 Septemba 1985 Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto wao wa pekee, Fajr, ambaye yuko nasi hapa leo. Mwaka 1987 alichukua uraia wa Amerika.

Sasa ieleweke namna gani muuguzi aliingia katika siasa, maana wengi wenu mmeuliza tangu Jumapili. Mji wa Denby umekatwa katikati na njia ya reli ya mizigo, hospitali iko kaskazini ya reli, na watu weusi takriban wote walikuwa wakikaa kusini, na treni zile, za mabehewa mia na zaidi, zilikuwa zikisimama juu ya barabara muda wowote zitakao. Tarehe 14 Februari 1988 jirani yake, Bi Lorraine Pickett, alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, damu ikamtoka kwa wingi, gari ya wagonjwa ikaja upesi, na marehemu akapanda nyuma pamoja naye. Walipofika penye reli, treni imesimama. Dereva alipiga king'ora, akapiga honi, akashuka akawapungia watu wa treni, haikusogea. Walikaa pale dakika thelathini na saba. Marehemu alimshika Bi Lorraine mkono mpaka mkono ukawa baridi, na mtoto naye hakupona, na treni ilipoondoka hakukuwa na haja tena ya kukimbia.

Kwa muda wa miezi sita baada ya hapo, kila alipotoka zamu, marehemu alikwenda kukaa kwenye kiti cha kukunja penye kivuko kile cha reli, na daftari mapajani, akiandika kila treni ilifika saa ngapi na iliondoka saa ngapi. Alipolipeleka daftari kwenye baraza la mji na kutaka lijengwe daraja, diwani mmoja alimwambia mbele ya watu, "Bibi, wewe hata si wa hapa." Marehemu akamjibu, "Bi Lorraine alikuwa wa hapa, mzaliwa wa hapa, na babu yake ameitandaza hiyo reli. Yeye ulimsaidia nini?" Mwaka 1989 aligombea udiwani, akashindwa kwa kura arubaini na moja. Hakulala siku tatu kwa uchungu, siku ya nne akaanza tena kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Tarehe 5 Novemba 1991 alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili, na asubuhi yake gazeti la kule liliandika kwa herufi kubwa kwamba Denby imempata diwani mwanamke mweusi wa kwanza tangu mji uasisiwe.

Kipande cha gazeti hilo kililetwa Maskati na mtu aliyekuwa masomoni, kikapita mkono kwa mkono, hadi kikatua juu ya meza ya Bwana Jaifar, wakati ule mkurugenzi katika wizara moja mjini Maskati, mbele ya wenzake. Leo anakiri kwamba alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Jioni ile alimpigia simu dada yake, na maneno yaliyosemwa ameyaandika kama yalivyo.

"Khole, umetutia aibu. Tangu lini sie tukawa weusi?"

"Tangu Bi Zafarani, kaka. Kwani mama yetu kazaliwa na nani?"

"Weye ni binti wa Aflah bin Saeed. Una nasaba yako."

"Nasaba nnayo, na yule bibi yumo ndani yake. Huku watu wananitazama uso, hawaniulizi ukoo, na mie nimeridhika na wanachokiona. Weye ndiye usiyeridhika."

Bwana Jaifar alikata simu. Akakataza jina la Khole lisitajwe nyumbani kwake, na wake na waume wakamtii, kwa kuwa ndiye mkubwa na baba alikwisha fariki. Ukimya huo ulidumu miaka kumi na minne, na katikati yake lilitokea jambo ambalo Bwana Jaifar ametaka lisomwe polepole. Mwaka 1997 Bi Balqees aliugua moyo, akalala kitandani siku tatu nyumbani Mutrah, na kila alipofumbua macho aliuliza, "Khole keshafika?", na kila mara mwanawe alimjibu, "Yuko njiani, mama." Hapakuwa na mtu njiani. Hakuna aliyemwita, Bwana Jaifar alikuwa amekataza simu isipigwe Amerika. Bi Balqees alifariki tarehe 6 Mei 1997, akazikwa siku ile ile, na marehemu alizipata habari baada ya siku sita, kutoka kwa jirani wa Mutrah, mwanamke mwenye huruma aliyeshindwa kustahamili. Jirani alipomaliza kueleza, marehemu aliuliza neno moja tu, "Aliniulizia?" Akaambiwa, "Siku zote tatu." Bwana Tolliver, Mungu amrehemu, alisimulia baadaye kwamba mkewe aliirudisha simu mahali pake taratibu, akavaa sare, akaenda zamu, na wenzake wakamkuta katika stoo ya mashuka amekaa chini.

Kazi yake lakini hakuiacha. Alipambana na shirika la reli, na jimbo, na madiwani wenzake waliokuwa wakitoka nje kila aliposimama kusema, mpaka tarehe 18 Septemba 1999 daraja la kupita juu ya reli lilipofunguliwa, na baraza lilipotaka kulipa jina lake alikataa, likaitwa Daraja la Lorraine Pickett. Novemba 2003 alichaguliwa kuwa Meya wa Denby, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho pale, akakishika kwa vipindi viwili mpaka Disemba 2011. Kila Alkhamisi alikuwa akikaa ofisini kusikiliza shida za raia, bila ya miadi, kila mtu na nambari yake.

Oktoba 2005 Bwana Jaifar alipelekwa na wizara Washington kwa mafunzo ya wiki mbili. Siku ya mapumziko haikumpa raha hotelini, akapanda basi kwenda Ohio bila kumwambia mtu, akafika Denby asubuhi ya Alkhamisi, akachukua nambari, ikatoka kumi na nne, akakaa kwenye benchi baina ya mzee aliyelalamikia taa za barabarani na mama mmoja aliyeng'olewa mti wake kimakosa. Alisubiri saa mbili na ushei. Aliona watu wanaingia wamekunja nyuso na kutoka wamekunjua, na mzee wa taa alimwambia, "Yule hatakudanganya. Kama hawezi, atakwambia hawezi." Ilipoitwa kumi na nne aliingia, na marehemu alikuwa bado anaandika, hajainua kichwa.

"Shida yako nini, bwana?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Nna shida, Khole," akajibu kwa Kiswahili. "Nimemzika mama bila ya wewe, na nilimdanganya mpaka roho yake inatoka."

Kalamu ilisimama. Marehemu alimtazama kaka yake, mvi kichwa kizima, suti imekunjana kwa safari, na Bwana Jaifar anasema aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, kwa kuwa alijua anastahili kufukuzwa. Kisha katibu aligonga mlango kuuliza kama amwingize mtu wa kumi na tano, na marehemu akasema, "Mwambie anisubiri kidogo, nna ndugu yangu hapa." Akageuka, akamwambia, "Kaa kitako, kaka. Anza kunisimulia tangu siku ya kwanza alipougua, usiruke kitu." Akamsimulia yote, na hakuna kati yao aliyefuta machozi ya mwenzake, wala marehemu hakusema amemsamehe. Alisema, "Nitakuja kulizuru kaburi. Mengine tutaona."

Alikuja Januari 2006, akakaa kaburini asubuhi nzima, na tangu hapo akawa anakuja kila baada ya mwaka mmoja au miwili, akilala nyumba hii hii. Wengi wenu mnamkumbuka katika harusi ya mwaka 2008, bibi mmoja alipomuuliza, kwa sauti ya kutaka wengine wasikie, "Na weye ni wa kwa nani?", naye akaanza na Bi Zafarani mkunga, akamtaja vizuri, na kijiji chao cha bara, ndipo akamfikia baba yake. Bwana Jaifar, alipoletewa habari hizo upande wa wanaume, alisema, "Kweli hiyo. Ni bibi yetu sote wawili." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema hadharani.

Bwana Tolliver alifariki tarehe 2 Aprili 2016, na marehemu alistaafu, akawa anafundisha wauguzi vijana. Mwaka huu wa 2024, akiwa na miaka sitini na saba, watu wa kwao walimwendea tena, kwa sababu halmashauri ya wilaya yao, yenye wajumbe watatu tu, ilikuwa ikitaka kuifunga wodi ya wazazi iliyobaki, na mjumbe mmoja alikuwa anataka na mmoja hataki. Tarehe 5 Novemba alishinda kiti cha tatu. Alikuwa aapishwe Alkhamisi, tarehe 2 Januari, na kura ya wodi ipigwe wiki ya pili yake. Alikata tikiti kuja Maskati apumzike kwanza.

Alifika tarehe 8 Disemba, mzima, na mzigo mmoja mdogo. Siku ya pili tu, akiwa jikoni na Nabaggala, binti wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani, alimuuliza kama ana watoto, na lini aliwaona mara ya mwisho, na kisha akaja sebuleni akamuuliza kaka yake, "Pasi ya kusafiria ya huyu mtoto iko wapi?" Bwana Jaifar akasema iko kabatini, imehifadhiwa. "Kwani yeye hana mkoba wa kuhifadhia?" Mzee alinyanyuka, akaifungua kabati, akampa Nabaggala pasi yake kwa mkono wake. Si jambo kubwa, lakini ni haki, na miaka mitatu ilikuwa imepita bila ya mmoja wetu kuliona.

Ijumaa, tarehe 20, tulikwenda Yiti sote, akala samaki wa kuchoma, akacheka, akatembea ufukweni hadi sisi vijana tukachoka kumfuata. Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, akila dawa zake bila kukosa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 22, kiasi cha saa nne, alikuwa anakatakata mboga pamoja na Nabaggala, wakizungumza, akasema, "Kichwa kinaniuma sana, mama," akaweka kisu chini vizuri, akakaa kwenye kigoda. Nabaggala aliona mdomo umekwenda upande, akapiga kelele, "Baba, njoo! Njoo haraka, dada yako!" Wakamtia garini, Bwana Jaifar akaendesha mwenyewe, Nabaggala nyuma amempakata, na kwenye mteremko wa milima marehemu alifumbua macho, akasema maneno yake ya mwisho, "Mwambie kaka asikimbize gari, ataua mtu." Walipofika hospitali madaktari walimpokea mlangoni. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Alifariki saa tano na dakika kumi, na mzee alisimama kwenye ujia ule akiuliza kila aliyevaa nguo nyeupe, "Dada yangu nnamchukua saa ngapi?", akidhani wanamzungumzia mgonjwa mwingine.

Jamaa waliandaa maziko ya alasiri ile ile, kama ilivyo ada na sunna, na wapo waliokasirika Bwana Jaifar alipokataa. Fajr alikuwa New York. Mzee aliwaambia, "Mama nilimzika binti yake hayupo. Huyu hazikwi mpaka binti yake amwone, na dhambi yake niachieni." Fajr alitua Maskati jana saa saba na nusu mchana, akamwosha mama yake pamoja na wanawake wa nyumba hii, na tukamzika baada ya sala ya alasiri. Ameacha mtoto mmoja, kaka mmoja, na mji ambao mpaka jana ulikuwa haujui kama amefariki.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali, waliohangaika naye hata pale matumaini yalipokuwa yamekwisha. Kwa majirani wa Al Amerat, mliofungua milango yenu na kupika bila kuombwa. Kwa wanawake walioosha na kukafini. Kwa Nabaggala, aliyempakata njia nzima akimsomea dua za dini yake huku akilia, na ambaye familia imemkatia tikiti aende Uganda wiki ijayo akawaone wanawe. Na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Denby, ambao tumewafikishia habari kwa namna tusiyoipanga. Jana baada ya magharibi, tumetoka makaburini, simu ya marehemu ililia, ni karani wa halmashauri yao, kijana mwenye adabu. Alisema anaandaa hafla ya kiapo, na hataki kuliharibu jina la Bi Khole mbele ya watu, je, linatamkwaje? Bwana Jaifar aliichukua simu. Alimwelekeza: kho, kutoka kooni, si ko. Karani alijaribu, akakosea, akajaribu tena, mara tano, mara sita, na mzee alikuwa akimrudisha kwa upole, nasi tumesimama tumeshika vichwa, hatujui la kufanya, mpaka kijana yule akalitamka sawasawa: Khole binti Aflah. Hapo ndipo alipomwambia.

Bi Khole, mama yetu, shangazi yetu, Mola akusamehe na atusamehe sisi, akupanulie kaburi lako, akukutanishe na mama yako. Lala salama.